Dirisha la Mifugo

Ofisi ya vifo ilikuwa na madirisha mawili. La kushoto lilikuwa la watu, la kulia la mifugo, na katikati palikuwa na feni moja iliyogeuza shingo mara huku, mara kule. Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, mjane mmoja, fundi cherehani, alikuwa wa nne kwenye foleni ya kushoto. Mkononi alishika karatasi ya hospitali, na kwenye bega la gauni lake uliganda uzi mweupe ambao hakuna aliyethubutu kuutoa. Mume wake alifariki Jumapili, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Foleni ya kushoto ilikwenda haraka. Fomu ya watu ilikuwa nusu ukurasa, na mahali pa sababu ya kifo palikuwa na mstari mmoja usiozidi urefu wa kidole gumba. Zamani karani aliujaza kwa mkono. Lakini madaktari walileta maneno yale yale kila siku, basi ofisi ikamchongea muhuri wa mpira ulioandikwa MOYO KUSIMAMA, na tangu hapo foleni haikuvuka mlango. Wala haukuwa muhuri wa uongo. Mchukue maiti yeyote unayemtaka, wa homa, wa ajali au wa kuangukiwa na ukuta, utakuta moyo wake umesimama.

Zamu ya mjane ilipofika, karani alisema pole, akaulowesha muhuri kwenye wino, akaunyanyua. Ndipo alipoiona barua ndogo iliyobanwa nyuma ya karatasi ya hospitali.

"Mama, mhudumu wa mochwari anasema hapa moyo wa marehemu bado unapiga."

"Ndiyo."

"Lakini amefariki?"

"Amefariki. Hajapumua tangu Jumapili alasiri, amepoa, daktari ametia saini. Kilichobaki ni moyo tu."

Karani aliisoma barua mara ya pili. Mhudumu wa mochwari hakuwa ameandika kwa mshangao, alikuwa ameandika kwa malalamiko: mapigo yale yalimpotezea hesabu kila alipohesabu shuka. Karani akauweka muhuri chini, taratibu.

"Basi siwezi kugonga. Huu ni muhuri wa serikali, mama yangu. Nikigonga hapa nitakuwa nimeandika uongo."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Subiri usimame. Ukisimama tu, njoo moja kwa moja, usipange hata foleni."

Alikuwa mtu mwema, karani yule. Miaka kumi na saba alikuwa amegonga muhuri ule bila kumkosea mtu salamu.

Mjane hakuondoka. Alisogea pembeni, akakaa kwenye benchi, akaikunja karatasi yake mara nne. Hakuwa amefika pale kwa ajili ya muhuri. Mume wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha vigae, katika chumba cha chekeche, mahali unga wa mawe unapochujwa hadi ulainike kama poda. Ni chumba kimoja kirefu, dirisha lake limepigwa misumari ili unga usipotee. Katika miaka sita wanaume watano walikuwa wametoka chumba kile kwenda makaburini, mkubwa wao ana miaka arobaini na minne, na wote watano vyeti vyao vilisema moyo kusimama. Meneja wa kiwanda alihudhuria mazishi yote, na kila mara alitikisa kichwa akisema kwamba watu wa mtaa ule wana mioyo dhaifu. Baada ya msiba wa nne alihuzunika kweli kweli, akaajiri mwalimu wa mazoezi. Tangu hapo watu wa chumba cha chekeche walikimbia kuzunguka ghala la unga kila Ijumaa, kwa afya ya moyo.

Mume wa fundi cherehani alikuwa wa sita. Wa saba angekuwa mdogo wake fundi mwenyewe, tumbo moja, aliyefanya kazi chekeche ya pili kutoka mlangoni. Watu walimwita Mwakani, kwa kuwa kila alilopanga lilikuwa la mwakani: kuoa mwakani, kupaka nyumba rangi mwakani, kuacha kazi ya vumbi mwakani. Alikuwa na miaka thelathini na moja na alikohoa asubuhi akiinama, mkono mmoja ukutani, vilevile alivyoanza shemeji yake. Mjane alikuwa amemfuata meneja mara mbili. Mara zote meneja alimpa kiti na kumwambia kwamba yeye ni mtu wa sheria: ikija hati ya serikali inayosema chumba kile kimeua, atafuata kila neno la hati hiyo. Ndiyo hati aliyoitaka mjane. Kumfufua mume hakuweza, lakini mdogo wake alikuwa bado anakula na kucheka, na alitaka abaki hivyo.

Akiwa pale kwenye benchi, alisikia mambo ya dirisha la kulia. Mzee mmoja alikuwa ameleta habari za mbuzi wake aliyekufa, na bibi mifugo, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa akimhoji kwa nusu saa nzima. Mbuzi alikunywa maji ya wapi? Alilala upande gani? Banda lina madirisha mangapi? Alianza lini kubaki nyuma ya wenzake? Fomu ya mifugo ilikuwa kurasa mbili, mbele na nyuma.

"Mbuzi anaishi miaka kumi na mitano," bibi mifugo alimwambia mzee. "Huyu kaishi sita. Sasa niambie, mzee wangu, hiyo tisa imekwenda wapi? Miaka haipotei hivi hivi. Kuna kitu kimeila."

Mjane alisimama, akahama foleni.

Alipofika dirishani bibi mifugo alichukua fomu mpya, akaipuliza vumbi.

"Pole, dada. Umefiwa na nani?"

"Mume wangu."

Bibi mifugo alimtazama kwa juu ya miwani. Kisha aliitazama fomu. Fomu iliuliza aina, jinsia, umri, banda na mfugaji, na hakuna mahali iliposema nani asiandikwe. Akaandika: mwanadamu, dume.

"Mfugaji wake nani?"

"Sijui niseme nani."

"Nani alikuwa anamfungia ndani asubuhi hadi jioni?"

"Kiwanda."

"Nani anamlisha?"

"Mchana kiwanda. Usiku mimi."

"Basi mfugaji ni kiwanda. Wewe nitakuweka hapa kwenye malisho ya ziada. Usikasirike, ndivyo fomu ilivyo."

"Sikasiriki."

"Alikuwa anatembea mbele ya kundi au nyuma?"

Mjane alikumbuka jioni za king'ora, wanaume wakitoka getini weupe vichwa hadi viatu, na yeye akimtafuta mumewe kwa mwendo kwa sababu sura zote zilifanana. "Zamani mbele," alisema. "Mwaka huu wa mwisho alikuwa wa nyuma kabisa. Wenzake walimsubiri kwenye kona, halafu wakaacha kumsubiri." Akalia hapo dirishani, na bibi mifugo akageuza feni upande wake na kuishikilia isirudi.

Kitabu cha kanuni kilikuwa na orodha ya umri, kuanzia bata hadi punda. Mwanadamu hakuwemo. Bibi mifugo aliwaza, akachukua penseli, kwa kuwa kitabu kilikuwa mali ya serikali na hakuwahi kukichafua kwa wino, akaongeza chini ya punda kwa mwandiko mzuri: mwanadamu, sabini. Kisha akatoa thelathini na tisa. "Thelathini na moja haijulikani ilipo," alisema. "Twende tukamwone."

Mhudumu wa mochwari aliwapokea kwa furaha, akidhani wamekuja kumwondoa yule wa mapigo. Marehemu alikuwa amelala kwa utulivu wa watu wote waliolala mle, isipokuwa shuka yake ilipanda na kushuka kidogo upande wa kushoto. Bibi mifugo alitoa saa yake, akahesabu dakika moja nzima.

"Sitini na nne. Moyo mzuri sana huu. Huu ungemfikisha sabini na kitu."

"Mbona hausimami?" aliuliza mhudumu.

"Hesabu yake haijaisha. Panya moyo wake unakwenda mbio, miaka miwili amemaliza mapigo yake. Tembo anakwenda polepole, anafika sitini. Ukiyahesabu mapigo, wanasema wamepewa karibu sawa. Mtu kapendelewa kidogo. Huyu kapewa fungu lake na hajalimaliza. Moyo haujui habari za mapafu, kaka. Wenyewe unafanya kazi uliyotumwa."

Mhudumu aliona maelezo hayo yanatosha. Alileta taa na beseni. Bibi mifugo alifungua kifua kama alivyofungua vifua vya ng'ombe kwa miaka ishirini na sita, akausogeza moyo kwa kiganja, akiuambia samahani, akafika kwenye mapafu. Aliyagonga kwa mgongo wa kisu. Yakalia kama kigae. Alipoyapasua, kisu kilikwaruza, na ndani mlikuwa na unga mweupe ulioshikana, laini, wa daraja la kwanza, ule ambao kiwanda huuza nje.

"Niliwahi kuona hivi mara moja," alimwambia mjane aliyekuwa amesimama mlangoni. "Punda wa machimbo ya mawe. Niliandika fomu, ndani ya siku sita punda wenzake wote wakahamishwa. Wawili wako hai mpaka leo, mmoja ana miaka ishirini na minane na ana kiburi mpaka basi."

Mjane alishika fremu ya mlango. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili kifua chake kulegea.

Jioni ile fomu ilikamilika, kurasa mbili, mbele na nyuma. Sababu ya kifo: vumbi la mawe kwenye mapafu. Chanzo: banda. Amri, kwa mujibu wa kanuni: wanyama wote wa banda hilo wahamishwe ndani ya siku saba, wapelekwe mahali penye hewa safi, kivuli na maji ya kutosha. Mkuu wa ofisi aliipitia fomu kutoka juu hadi chini akitafuta nafasi iliyoachwa wazi. Hakuiona, kwa hiyo akatia saini, na muhuri wenye kichwa cha ng'ombe ukagongwa.

Marehemu alizikwa Alhamisi, moyo ukiendelea. Hakuna aliyeshangaa. Wafanyakazi wenzake walisema siku zote alikuwa mbishi, ukimwambia kazi imekwisha yeye anatafuta ya kuongeza. Mchimba kaburi aliweka udongo bila kuushindilia sana upande ule. Meneja alihudhuria, akasimama karibu na kaburi, na alipoanza kusema habari za mioyo dhaifu alisikia mapigo chini ya viatu vyake, akaishia katikati ya sentensi. Akasema tu kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Nyumbani, mjane alimsomea mdogo wake amri ile mara tatu.

"Hewa safi, kivuli na maji," alisema Mwakani. "Dada, na kengele ya shingoni watanipa?"

"Wakupe hata pembe, mradi utoke mle ndani."

"Mimi nilikuwa nimepanga kutoka mwakani."

"Najua ulivyopanga. Shemeji yako naye alipanga."

Mwakani akaacha utani. Alitazama cherehani, akatazama mikono yake ambayo hata baada ya kuoga ilibaki nyeupe kwenye mistari. Alisema kwamba angependa kulala usiku mmoja bila kuamka na kukaa ili apate pumzi. Dada yake alikuwa hajamsikia akisema neno kama hilo. Alikaa hadi jioni akimshonea suruali mbili za kusafiria, akitia mifuko mikubwa, na kila alipopiga mshono alikuwa na furaha ya wazi, furaha ya mtu aliyewahi.

Siku ya saba, saa tatu asubuhi, lori lenye mbao pembeni lilisimama kwenye geti la kiwanda. Bibi mifugo alishuka na amri yake ndani ya bahasha. Mjane alikuwa amesimama nje ya geti tangu saa moja, na zile suruali mbili zimo kwenye mfuko. Meneja aliwakaribisha vizuri. Pamoja naye alikuwapo mwanasheria wa kiwanda, kijana wa shati lililonyooka, mwenye sauti ya chini.

"Tumeisoma amri," alisema mwanasheria. "Kiwanda hakina pingamizi hata kidogo. Wanyama wako tayari."

Wanyama walikuwa tayari kweli. Kulikuwa na mbwa wawili wa ulinzi waliokuwa wakilala chini ya ukuta wa chumba cha chekeche, paka wa ghala na watoto wake wanne, na kuku kumi na mmoja wa jikoni, wote wamefungwa miguu kwa kitambaa safi ili kamba isiwaumize. Mbwa mkubwa alikuwa akikohoa. Bibi mifugo aliwahesabu kwa mazoea, halafu akaelekeza kidole mlangoni, ambako watu wa zamu walikuwa wamesimama wakiangalia.

"Na hawa?"

"Hawa ni waajiriwa."

"Aliyekufa alikuwa wa hawa. Fomu imesema mwanadamu. Banda ni lile."

Mwanasheria aliomba kitabu cha kanuni. Alikifungua ukurasa wa mwisho, akashuka na orodha kwa ncha ya kalamu, bata, mbuzi, ng'ombe, punda, akafika kwenye mwanadamu, sabini. Aliusogeza ukurasa karibu na macho. Kisha akalamba kidole na kusugua, na neno likapata ukungu.

"Hii ni penseli, mama," alisema kwa heshima. "Angekuwa ameandikwa kwa wino, tungejadiliana."

Bibi mifugo alisimama na kitabu mkononi. Alikuwa amekitunza miaka ishirini na sita, hakina hata kona iliyokunjwa. Alijaribu kusema habari za mapafu yaliyolia kama kigae, za miaka thelathini na moja, za punda wa machimbo. Mwanasheria alikubaliana naye katika yote na kuandika kila kitu kwenye daftari. Meneja naye alisema inasikitisha, na kwamba alichoahidi ni kufuata kila neno la hati, na neno lililopo ni wanyama.

Ikabaki kuwapakia. Mbwa mkubwa hakutaka kushikwa na wageni, akaonyesha meno, basi meneja akauliza nani amemzoea. Mwakani ndiye aliyemzoea. Alitoka kwenye kundi, akavua kitambaa cha usoni, akamwinua mbwa kwa mikono miwili, akampandisha kwenye lori. Kwa kuwa mbwa alilia, na yeye akapanda. Mjane alimwona mdogo wake amesimama juu ya lori lile, kichwa chake kikiwa juu kuliko vumbi, na kwa muda wa kufunga komeo moja alitaka kumpigia dereva kelele aondoe gari. Aliufungua mdomo. Kisha Mwakani akambembeleza mbwa mgongoni, akashuka, akajifunga kitambaa chake, akaingia ndani pamoja na wenzake kwa sababu chekeche zilikuwa zimeshawashwa.

Upande wa watu, faili la marehemu lilibaki kwenye trei ya wanaosubiri. Karani aliona si vizuri liozee pale, akajipa utaratibu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alipanda baiskeli hadi makaburini, akalaza sikio kwenye udongo upande wa kushoto, akasubiri dakika moja, kisha akaandika kwenye daftari: bado. Ilikuwa njia nzuri kwa baiskeli, yenye mteremko wa kurudi. Ofisini aliendelea kugonga muhuri, na mwezi wa pili baada ya msiba ule akaugonga kwa mtu wa chekeche ya kwanza kutoka mlangoni, ambaye moyo wake ulisimama bila ubishi.

Baada ya miezi mitatu mjane alipata barua kutoka ofisini. Kanuni ilitaka aliyeleta taarifa ya kifo apewe taarifa ya maendeleo. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na bibi mifugo aliitia saini kwa wino mzito kuliko ilivyohitajika. Mjane aliisoma peke yake kwanza, amesimama. Alitaka kuichana. Lakini Mwakani, aliyekuwa amekaa kitandani ameegemea mito miwili, aliuliza barua ni ya nini, na hakuweza kumdanganya.

"Ya wale wanyama."

"Nisomee basi."

Alimsomea. Wanyama wote kumi na wanane wapo hai. Kuku wameanza tena kutaga. Paka na watoto wake wamenenepa. Ofisi inaliona zoezi hili kuwa limefanikiwa na inamshukuru mtoa taarifa.

"Na yule mbwa mkubwa?"

Mjane alitafuta mstari. "Ameacha kukohoa. Wiki ya pili tu tangu ahamishwe."

Mwakani alifurahi. Alifurahi kwa dhati, uso mzima, maana alimpenda sana mbwa yule. "Unaona?" alisema, akivuta pumzi kidogo kidogo ili imtoshe kumaliza sentensi. "Nilikuwa nawaambia. Yule hakuwa mgonjwa. Ilikuwa hewa tu."

Kisha akamwomba dada yake amshushie mto mmoja, kwa sababu zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi.